Kuchagua tela salama la pikipiki: tuanze na breki kabla ya kuzungumzia mzigo

Mkulima wa Milimani (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mara nyingi watu huuliza humu bei ya tela la pikipiki na mahali pa kulichomelesha, na majibu huwa ni namba ya simu ya fundi pamoja na picha ya tela lililopakwa rangi vizuri. Sijaona anayeuliza kama tela hilo litasimama. Mimi naishi Lushoto, nalima karoti na kabichi, na huu ni mwaka wa nne navuta tela kwa pikipiki ya cc 150 kati ya shamba, Soni na Mombo. Kwa asiyeifahamu barabara hiyo, Lushoto iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, Mombo iko chini kwenye tambarare, na kati yake ni kilomita zaidi ya 30 za kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kupandisha tela tupu kwenye barabara hiyo hakumshindi mtu. Shida yote iko kwenye kuliteremsha likiwa na mzigo.

Tela langu la kwanza nililinunua likiwa tayari, kwenye karakana ambayo sitaitaja. Lilikuwa na magurudumu mawili ya baiskeli, kitanda cha paipu za mraba, na mbele yake pete ya chuma iliyoingizwa kwenye hooki, hooki yenyewe ikiwa imechomelewa kwenye keria ya pikipiki. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imetoka kukatika, nilipakia magunia mawili ya kabichi na tenga moja la karoti, nikaanza kuteremka. Kwenye kona moja kabla ya kufika Soni nilibana breki ya mbele na kukanyaga ya nyuma kama siku zote. Pikipiki ilipunguza mwendo, tela halikupunguza. Nilisikia pete ikigonga hooki kwa nguvu, kisha nikahisi pikipiki inasukumwa kwa nyuma na kupelekwa kushoto, kama vile mtu ameiegemeza bega. Tairi la nyuma liliteleza, nikaingia kwenye mtaro. Namshukuru Mungu mtaro huo ulikuwa upande wa mlima. Niliumia goti na bega, kabichi zikatawanyika barabarani, na vijana waliokuwa wakipita wakanisaidia kuzikusanya.

Nilipoishika ile pete mkononi ndipo nilipoelewa. Upande wa ndani, unaosuguana na hooki, ulikuwa umelika ukabaki mwembamba kama kalamu ya risasi, ilhali upande wa nje ulikuwa bado na rangi yake ya kijani. Kwa miezi saba nilikuwa nikiitazama kila asubuhi kabla ya kuondoka, na kila asubuhi nilikuwa nikitazama upande wa nje.

Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi, nimepima, nimebomoa na kujenga upya. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ana fedha mkononi na yuko njiani kwenda kwa fundi.

Nianze na uzito, kwa sababu hapo ndipo tunapojidanganya zaidi. Pikipiki zetu nyingi za cc 125 hadi 150 zina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi zikiwa na mafuta. Uingereza ni nchi ambayo imeandika kipimo cha tela la pikipiki wazi kabisa katika sheria zake: tela pamoja na mzigo wake lisizidi theluthi mbili za uzito wa pikipiki inayolivuta, na hata pikipiki iwe kubwa kiasi gani, lisizidi kilo 150. Upana wake usizidi mita 1, na kutoka ekseli ya nyuma ya pikipiki hadi mwisho wa tela pasizidi mita 2.5. Pikipiki ya kawaida ambayo injini yake haizidi cc 125 hairuhusiwi kuvuta tela kabisa. Sheria hiyo haituhusu sisi, lakini nimeitumia kama rula, kwa kuwa imewekwa na watu wenye barabara nzuri za lami, na sioni kwa nini sisi wa vumbi, kokoto na matope tujipe uhuru mkubwa kuliko wao.

Sasa tupige hesabu. Pikipiki ya kilo 120 inaruhusiwa tela na mzigo wa jumla ya kilo 80. Tela la chuma lililochomelewa vizuri halikosi kilo 40. Zinazobaki kwa ajili ya mzigo ni kilo 40, yaani madumu mawili ya maji ya lita 20, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 tayari umezidi. Gunia la kilo 100 halimo kabisa katika hesabu hiyo, na lumbesa ndiyo usiitaje. Najua hili litawaudhi wengi, maana karibu kila anayetafuta tela analitafuta kwa ajili ya magunia. Hata mimi liliniudhi.

Sababu ya kipimo hicho ni breki. Pikipiki ya kilo 120 na dereva wa kilo 70 ni kilo 190. Ongeza tela la kilo 80, unapata kilo 270, na breki ni zilezile mbili za pikipiki, kwani matela yetu karibu yote hayana breki. Ikiwa pikipiki peke yake kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa inasimama ndani ya mita 12, basi kwa nguvu ileile ya breki itasimama kwenye mita 17 ikiwa na tela. Ukikimbia kilomita 60 kwa saa, mita 17 zinakuwa 38, kwa sababu umbali wa kusimama hukua haraka kuliko mwendo. Hayo ni ya barabara kavu iliyo tambarare. Kwenye mteremko, sehemu ya nguvu ya breki inatumika kuzuia mzigo usikusukume hata kabla hujaanza kupunguza mwendo, na breki za dramu zikishapata moto zinalegea mguuni. Anayeteremka fri, injini imezimwa ili kuokoa mafuta, amejinyima msaada mkubwa kuliko wote alionao, maana gia ya pili au ya kwanza ndiyo inayobeba kazi ya kuzuia mwendo kutoka juu hadi chini. Ukiwa na tela, usiteremke fri hata mita 100.

Kinachofuata ni kiungio, yaani pale mkono wa tela (ile paipu ya mbele inayolivuta) unaposhikana na pikipiki. Pikipiki ikiingia kwenye kona inalala. Tela la magurudumu mawili halilali. Kwa hiyo kiungio kinatakiwa kuruhusu mambo matatu kwa wakati mmoja: tela ligeuke kulia na kushoto, mkono uweze kupanda na kushuka barabara inapopanda na kushuka, na pikipiki ilale bila kulipindua tela. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Fundi anayejua kazi huweka paipu ndani ya paipu, yenye grisi, ambayo inazunguka yenyewe na imezuiwa isichomoke kwa nati kubwa yenye pini. Kukagua ni rahisi na unaweza kufanya palepale kwa fundi kabla ya kulipa. Fungeni tela tupu kwenye pikipiki, mtu mmoja ailaze pikipiki taratibu kadiri inavyolala kwenye kona kali, na wewe chuchumaa uangalie magurudumu ya tela. Gurudumu likinyanyuka hata kidogo, au mkono ukianza kujipinda, tela hilo usilichukue. Kisha lishike tela ulivute mbele na kulirudisha nyuma. Ukisikia mlio wa chuma kugonga chuma, ujue mlio huo utajirudia kila ukibadilisha gia na kila ukigusa breki, na kila mgongano mmoja unakula chuma kidogo, kama ulivyoila pete yangu.

Kiungio kisifungwe kwenye keria. Keria iko juu na imetengenezwa kubeba uzito unaokandamiza kwenda chini, ilhali tela linavuta na kusukuma. Tela linaposukuma kwa juu wakati wa breki, linapunguza uzito kwenye tairi la nyuma palepale unapouhitaji. Kiungio kikae chini, karibu na usawa wa ekseli ya nyuma, na karibu na tairi kadiri inavyowezekana, kikishikwa na vyuma viwili vinavyotoka pande zote mbili za fremu na kufungwa kwa bolti. Mtu asikuchomelee chochote kwenye fremu ya pikipiki yenyewe. Chuma hicho ni chembamba, na moto wa kuchomelea hukifanya kiwe dhaifu pembeni ya kiungo.

Kuna uzito mwingine ambao lazima upimwe, nao ni ule unaokaa kwenye kiungio tela likiwa na mzigo. Unatakiwa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela, yaani kwa tela la kilo 80 ni kilo 8 hadi 12. Ukiwa mdogo mno, tela linaanza kutikisa mkia kulia na kushoto ukishika mwendo. Ukiwa mkubwa mno, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani haukusikilizi vizuri. Mimi hupima hivi: naweka mizani ya kujipimia uzito juu ya matofali mpaka ifike usawa wa kiungio, nauweka mkono wa tela juu yake, nasoma. Kisha nasogeza mzigo mbele au nyuma kwa upana wa kiganja na kusoma tena. Mara ya kwanza nilifanya kwa madumu mawili ya maji, nikashangaa kuona kusogeza dumu moja kiasi hicho tu kunabadilisha kipimo kwa zaidi ya kilo moja. Nilipopata mahali panapofaa nilipaka mstari mweupe kwenye kitanda, na hadi leo katikati ya mzigo hukaa kwenye mstari huo, mbele kidogo ya ekseli.

Magurudumu ya baiskeli kataeni. Baiskeli inalala kwenye kona, kwa hiyo spoku zake zimefungwa kubeba uzito unaoshuka wima. Tela halilali, kwa hiyo kwenye kona spoku hizo zinasukumwa ubavuni, na hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Rimu hujikunja ghafla. Tumieni magurudumu ya pikipiki, lakini kila gurudumu lishikwe pande zote mbili. Nimeona matela mengi ambayo gurudumu la pikipiki limening'inizwa kwenye mhimili wake upande mmoja tu kama gurudumu la gari. Mhimili huo mwembamba umezoea kushikwa kulia na kushoto; ukiushika upande mmoja unapinda, beringi zinakufa, na siku moja gurudumu linakupita njiani.

Kitanda kikae chini, katikati ya magurudumu, kisikae juu yake. Langu lina upana wa sentimita 95 nje kwa nje, na usukani wangu una sentimita 80 hivi, kwa hiyo nakumbuka muda wote kwamba tela linazidi kwa karibu sentimita 8 kila upande. Taa ya breki na indiketa lazima zirudiwe nyuma ya tela, maana mzigo unaziba zile za pikipiki, na reflekta nyekundu ziwe mbili, kila kona moja.

Na kabla ya yote hayo, nendeni mkaulize polisi wa usalama barabarani wa eneo lenu na anayewakatia bima. Bima iliyoandikwa pikipiki peke yake inaweza kukuacha peke yako siku tela litakapomgonga mtu.

Karibuni tujadili, hasa mafundi.

Fundi wa Korogwe

Mkuu, nakushukuru kwa uzi huu, na pole sana kwa ajali. Mimi ni mchomeleaji, na nakubaliana nawe kwa karibu yote. Naomba niongeze yale ambayo mteja hayaoni.

Tela halivunjiki katikati ya kitanda. Linavunjika pale mkono unapokutana na kitanda, kwa kuwa hapo ndipo kila mtikisiko wa barabara unapoishia. Fundi akiunganisha mkono kwenye paipu ya mbele ya kitanda peke yake, ufa utaanza ndani ya miezi michache. Mkono unatakiwa upite chini ya kitanda mpaka ufike kwenye ekseli, na pale unapokutana na paipu ya mbele ziwekwe bamba za pembetatu kila upande. Ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Osha sehemu hiyo kila wiki na uitazame kwa jua la asubuhi au la jioni, mwanga ukiwa unapita ubavuni. Saa sita mchana huwezi kuuona.

Jambo la pili ni pini. Wenzangu wengi, na nasema haya kwa uchungu kwa kuwa ni ndugu zangu wa kazi, wanakata kipande cha nondo wakakifanya pini ya kiungio. Nondo ina mikunjo na haikai sawasawa kwenye tundu, kwa hiyo inalika haraka na kulipanua tundu lenyewe. Dai bolti yenye namba 8.8 kwenye kichwa chake, iliyo laini sehemu yote inayopita tunduni, na nati yenye pini ya kuizuia isifunguke. Tofauti ya gharama kati ya bolti hiyo na kipande cha nondo ni ndogo kuliko soda mbili.

Minyororo hukuitaja, nami naomba niitaje. Iwe miwili, mmoja kila upande wa mkono, ipishane chini yake, ili kiungio kikichomoka mkono uangukie juu ya minyororo na usichome ardhi. Iwe na ulegevu wa kutosha kukata kona bila kuburuta. Ifungwe kwenye fremu kwa shakeli. Waya wa kufungia mizigo si mnyororo.

Kuhusu breki, inawezekana kutengeneza tela linalojifunga breki lenyewe. Mkono unakuwa na sehemu inayoteleza. Pikipiki ikipunguza mwendo, tela linasukuma, sehemu hiyo inarudi nyuma na kuvuta nyaya mbili za breki zinazoingia kwenye dramu za magurudumu ya tela. Nimetengeneza mawili. Yanafanya kazi, lakini nyaya hizo zisipokuwa na mvuto sawa, gurudumu moja linashika kabla ya jingine na tela linajitupa upande. Mwenye tela la namna hiyo anapaswa kulirekebisha mara kwa mara, na mteja ambaye najua hatalirekebisha simtengenezei.

Mkulima wa Milimani (mleta uzi)

Fundi, asante sana. Kwenye minyororo umenikumbusha jambo kubwa, ninayo miwili na sikuiandika. Wapo wanaosema ni heri tela likichomoka liende zake kuliko kumburuta dereva. Mimi nasimama upande wa minyororo, kwa kuwa tela linaloteremka peke yake kuelekea Soni siku ya soko litakutana na watu wasio na habari. Tela likiwa ndani ya uzito nilioutaja, minyororo inalishika na dereva anaweza kusimama taratibu.

Mama Karoti

Nawasalimu wote. Kaka, mimi shamba langu halifikiki kwa njia pana. Pikipiki inapita kwenye njia ya miguu, na tela la magurudumu mawili litakuwa na gurudumu moja kwenye majani na jingine kwenye mawe. Nimeambiwa kuna tela la gurudumu moja. Je, ni salama? Nataka pia kujua kama ninaweza kumpakia binti yangu nyuma ya pikipiki wakati tela lina mzigo.

Mkulima wa Milimani (mleta uzi)

Dada yangu, swali lako ni zuri sana, na jibu lake linageuza yale niliyosema kuhusu kiungio.

Tela la gurudumu moja linafuata mstari wa pikipiki, kwa hiyo palipopita tairi la nyuma napo tela litapita. Kwa njia nyembamba ni bora kuliko la magurudumu mawili, ambalo gurudumu lake moja likipanda kisiki mzigo wote unahamia upande wa pili na tela linapinduka. Lakini tela la gurudumu moja haliwezi kusimama lenyewe. Linasimamishwa na pikipiki. Kiungio chake kinaruhusu kugeuka na kupanda au kushuka, na ni lazima kizuie kuzunguka, yaani pikipiki ikilala nalo lilale pamoja nayo. Ukiweka paipu inayozunguka niliyoielezea pale juu, tela litaanguka kabla hujaondoka nyumbani. Fundi asiyeielewa tofauti hiyo asilitengeneze.

Mzigo wake uwe mdogo zaidi. Kila kilo inayolala upande inakuvuta wewe dereva, na unaposimama kwenye matope mguu wako ndio unaoushikilia mzigo huo. Kwa njia za huko kwetu mimi nisingezidisha kilo 25 za mzigo, ziwe zimepangwa chini na katikati, na matenga mawili ya pande zote yawe na uzito sawa.

Kuhusu binti yako, tafadhali usimpakie. Uzito wake unaongezeka kwenye breki zilezile tulizozipigia hesabu, na yeye anakaa juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo tela nalo linakandamiza. Mwache atangulie au afuate kwa miguu.

Dereva wa Kilombero

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini milima yako isiwe kipimo cha nchi nzima. Huku Kilombero ni tambarare. Nimevuta kilo 150 za mpunga kwa pikipiki ya cc 150 msimu mzima na sijaanguka. Ukimwambia mkulima wa huku apakie kilo 40 unamwambia aache kazi. Na sisi huku wagonjwa tunawapeleka kituo cha afya kwa tela, kwa kuwa gari halipo.

Mkulima wa Milimani (mleta uzi)

Mkuu, nakuelewa, na sidhani kama unaongea kwa kubeza. Nami ningepakia kilo 150 kama ningejua kwamba hakuna mtoto, mbuzi wala baiskeli itakayoingia barabarani mbele yangu. Kwenye tambarare mteremko haupo, lakini mwendo upo, na tambarare ndiko watu wanakokimbia. Kilo 150 za mpunga na tela la kilo 40 ni kilo 190. Ni uzito ule wa pikipiki na dereva wake kwa pamoja, kana kwamba unavuta pikipiki nyingine yenye mtu juu yake, isiyo na breki. Umbali wako wa kusimama umekuwa mara mbili. Pia tela zito kuliko pikipiki likianza kutikisa mkia, pikipiki haina uwezo wa kulituliza. Ikikutokea, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mafuta. Achia mafuta taratibu, shika usukani bila kupigana nao, uliache lipungue lenyewe.

Kwa mkulima wa magunia, jibu langu ni guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Fremu yake imeundwa kwa ajili ya mzigo, magurudumu mawili ya nyuma yote yana breki, na haihitaji kiungio chochote. Najua bei yake haifanani na ya tela. Ndiyo maana kwetu majirani wanne tumenunua moja kwa kuchangiana, inafanya kazi ya magunia wakati wa mavuno, na tela langu linabaki kwa mizigo midogo ya kila siku: mbolea, madumu, matenga mawili ya karoti, zana za shamba. Pale nilipokuwa nikienda mara moja sasa naenda mara mbili, na nimekubali hivyo.

Kuhusu wagonjwa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa moyo wangu unauma. Tela tunalolijadili halina springi za kutosha, halina mahali pa kumfunga mtu, na likipinduka aliyelala ndani hana namna ya kujiokoa. Mama mjamzito anayerushwa kwenye mashimo kilomita 10 anaumia hata kama tela halikupinduka. Kama mgonjwa anaweza kukaa, heri akae kwenye pikipiki isiyo na tela, nyuma yake awepo mtu wa kumshikilia, mwendo uwe wa polepole. Kama hawezi kukaa, guta yenye godoro na watu wawili wa kumshika ni afadhali mara nyingi. Mzungumze na uongozi wa kijiji sasa, kabla ya usiku wa dharura, ijulikane ni guta ya nani itaitwa na mafuta yatatoka wapi.

Dereva wa Kilombero

Nimekusoma, mkuu. Hilo la kilo 190 sikuwahi kulihesabu hivyo. La guta ya kijiji nitalipeleka kwenye kikao.

Mama Karoti

Narudi na mrejesho, kama nilivyoahidi kwa Fundi wa Korogwe kwenye simu.

Nilikwenda kwenye karakana moja nikakuta tela la gurudumu moja limeshatengenezwa, mwenyewe ananiambia linabeba kilo 100. Nilimwomba tulipime lenyewe kwanza. Tuliliweka kwenye mizani ya kununulia viazi, likasoma kilo 46 likiwa tupu. Pikipiki yangu ni ya cc 125, na kitabu chake kinasema ina kilo 112. Theluthi mbili yake haifiki hata 75, ikimaanisha kwamba zingebaki kilo 28 au 29 za mzigo. Kisha nikakishika kiungio na kukizungusha kwa mkono: kilizunguka chote. Nilipomuuliza fundi tela litasimamaje, alinyamaza kidogo, akasema wateja wengine hawajalalamika. Nilimshukuru nikaondoka.

Fundi wa Korogwe ameniahidi la kilo 24, la paipu nyembamba za mviringo, lenye gurudumu la mbele la pikipiki lililoshikwa pande mbili, na atanitengenezea baada ya kuja kuipima pikipiki yangu mwenyewe. Nimempa malipo ya awali. Akimaliza tutaliweka kwenye mizani ileile ya viazi kabla sijamaliza kulipa, na nitaandika hapa limesoma kilo ngapi.